Shairi Nililomtungia Mzee Karisa

Iko asubuhi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, wala sitaki kuisahau, maana ndiyo iliyonitia adabu. Ilikuwa Jumatatu, nami ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa kisiwani Mombasa. Jina la chuo nitaliacha, kwa kuwa wengi waliohusika wangali hai, na wa kwanza wao ni mimi. Niliingia langoni vitabu vikiwa kwapani, nikamwona Mzee Karisa, mtunza bustani wetu, yuko juu ya ngazi na panga mkononi, anakata matawi ya mkungu.

Palikuwa na mikungu saba pale, imepangwa mstari toka langoni mpaka maktaba. Kivuli chake kilitufaa kuliko madarasa mengine, nakwambia kweli. Tulisomea pale, tukala kungu zilizoanguka, tukapendana na kuachana pale pale. Na kwa miezi kadhaa kulikuwa na tetesi kwamba chuo kinataka kuikata yote ili kijenge bweni jipya na mahali pa kuegesha magari.

Sisi tuliokuwa na uchungu wa mambo hayo tulikuwa tumeunda Chama cha Kijani. Jina kubwa, watu kumi na watatu. Mwenyekiti alikuwa Wafula, kijana wa bara ambaye babake alikuja Mombasa kufanya kazi ya reli, na ndiye tuliyekuwa tumemsimamisha kugombea uongozi wa wanafunzi muhula ule. Katibu nilikuwa mimi. Kila mwenye kura tulimwambia maneno mamoja: mpe Wafula, mikungu isimame. Kwa hiyo nilipomwona Mzee Karisa juu ya ngazi, moyo ulinipasuka. Nilisema, basi wameshaanza. Sikumsalimia hata. Nilipita kama sikumwona, mimi niliyekuwa nikimwamkia shikamoo kila siku.

Hapa yataka nikueleze jambo kuhusu watu wa kwetu, kwa wewe ambaye hukulelewa Mji wa Kale. Nimezaliwa Kibokoni, katika nyumba ambayo hata sufuria ikiungua mtu hutungiwa beti mbili. Ugomvi wetu haukuwa wa ngumi. Mtu akikuudhi, unamtungia, naye anakutungia, na mtaa mzima unakaa barazani kusikiliza nani kamshinda mwenziwe. Nilikuwa na kipaji hicho tangu nikiwa mdogo, na nilijua kuwa ninacho, jambo ambalo ni baya zaidi. Basi mchana ule ule niliketi kwenye vidaraja vya maktaba, nikamtungia Mzee Karisa. Nitakupa mistari mitatu:

*Karisa panga linowe, ukate hata kivuli*
*Kata na jani lisiwe, mti hauna kauli*
*Kesho juani ulowe, ndipo ujue ukweli*

Wa nne naona haya kuuandika. Ulimtaja mkewe.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa na mkutano wa kampeni. Wafula alihutubu vizuri, lakini hotuba ni hotuba, watu walikuwa wanapiga miayo. Nikapanda mimi. Nililiimba shairi lile kwa sauti ya harusini, na kufika mstari wa pili wanafunzi walikuwa wamesimama juu ya viti. Waliniomba nirudie mara tatu. Mwanangu, sijui kama umewahi kushangiliwa na watu mia kwa pamoja. Ni kitu kitamu mno, na mtu akishakionja haulizi tena kilipikwa na nini.

Wimbo una miguu yake. Alhamisi ulikuwa umeshatoka nje ya lango. Ijumaa watoto wa Ganjoni, alikokaa Mzee Karisa, walikuwa wanamfuata nyuma akienda dukani, wakimwimbia. Niliambiwa hayo nami nikacheka. Naona aibu kukwambia, lakini nilicheka.

Jumatatu iliyofuata pakabandikwa tangazo ubaoni. Liliandikwa kwa lugha ya ofisini, lakini maana yake ilikuwa hii: uongozi umesikia kilio cha wanafunzi kuhusu miti, mfanyakazi aliyeikata bila idhini ataachishwa kazi mwisho wa mwezi, uongozi unawashukuru wanafunzi kwa kupenda mazingira. Wenzangu walirukaruka kwa furaha. Wafula alinikumbatia begani akasema, "Salma, shairi lako limefanya kazi! Huu ndio ushindi wa kwanza."

Nami niliamini. Nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi.

Alasiri yake shangazi yangu akaniita kwake Kuze. Bi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, Mungu amrehemu. Enzi zake alikuwa ndiye mwimbishaji wa chama cha ngoma cha wanawake wa mtaa wao, na watu wazima walikuwa bado wanakumbuka beti zake. Nilikwenda mbio. Nilidhani naitwa kupongezwa, maana ni yeye aliyenifunza vina na mizani. Nilimkuta amekaa mkekani anachagua mchele. Nikambusu mkono, nikaketi.

"Nyimbo hini wanayoimba watoto hapa ndiani," alisema, macho yake yakiwa kwenye ungo, "ni yako?"

"Ni yangu, Shangazi. Umeipenda?"

"Vina vimekaa. Mizani imetimu. Huyo Karisa ni nani?"

"Mtunza bustani wa chuoni."

"Amekujibu?"

Nikacheka. "Yeye, Shangazi? Hajui kutunga."

Aliuweka ungo chini. Bi Mwanaidi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku ile hakuipaza.

"Salma, mimi nimewasuta watu mwanamke huyu unayemwona. Nimewasuta mpaka wengine wakahama mtaa. Lakini kila niliyemwimbia alikuwa na mwimbishaji wake, na Ijumaa ya pili wakanijia juu, nikalia mimi. Ndio mchezo ulivyo. Mtu asoweza kujibu haimbiwi. Hakuna aliyekwambia?"

"Lakini ndiye aliyekuwa na panga, Shangazi. Nilimwona kwa macho yangu."

"Na amri? Alikuwa nayo nani?"

Sikujua, na sikujua kwa kuwa sikuuliza. Kuuliza si ujinga, husema wazee, na sisi wasomi kumi na watatu, tuliosoma vitabu vya sheria na vya sayansi, hapakutoka hata mmoja wa kumsogelea mzee yule na kumwambia, baba, kuna nini leo? Hapo ndipo nikamtajia lile tangazo. Nililitaja kwa sauti ndogo, kwa kuwa nilipokuwa nalitaja nilianza kulisikia jinsi lilivyo.

"Kwa hiyo wakubwa wamepata pa kujifutia mikono," alisema Shangazi. "Nawe ndiwe uliyewapa kitambaa."

Nililia, mwanangu. Nililia pale mkekani mpaka mchele ukaingia machozi. Hakunibembeleza. Aliningoja nikamaliza, akanipa ncha ya kanga yake nijipanguse, kisha akanipa hukumu. Niende kwa Mzee Karisa kesho, mchana, mlango wa mbele, nimuombe radhi mbele ya mkewe, kwa sababu aibu ile waliila wote wawili. Halafu nimuulize, lau angekuwa mtunzi, angenijibu nini. Jibu hilo nilitunge mimi. Na nilisome mimi mwenyewe, pale pale niliposoma la kwanza, mbele ya wale wale walionishangilia.

"Watanizomea, Shangazi."

"Watakuzomea," alisema, akauchukua ungo wake. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa ulimi, sasa utatembea ukichechea."

Mzee Karisa alikuwa akikaa Ganjoni, nyuma ya magorofa, chumba na ukumbi. Aliyenifungulia ni mkewe, Mama Kadzo. Alinijua. Aliniwekea kigoda bila ya kunambia karibu, akaenda kusimama karibu na dirisha, mikono kifuani. Mzee alikuwa anakarabati mpira wa kumwagilia maji, anaufunga kwa utepe mahali ulipopasuka. Ulikuwa mpira wa chuo. Mtu ameambiwa kazi yake imekwisha, naye amekwenda na mpira wa kazini nyumbani ili autengeneze.

Nilimwomba radhi. Sikumbuki maneno, nakumbuka kwamba nilishindwa kukaa kwenye kile kigoda, nikajikuta sakafuni. Mzee aliufunga utepe ule mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shairi lenyewe zuri, mwanangu. Mjukuu wangu aliliimba humu ndani juzi. Hajui kama Karisa ni mimi. Yeye ananijua kwa jina la babu."

Kwa miaka yote hii hakuna neno lililonichoma kama hilo.

Basi nikamuuliza lile nililotumwa kuuliza. Alicheka kidogo, kwa haya. "Mimi sikusoma. Mimi ningesema nini?" Lakini alisema. Alisema kwamba aliitwa ofisini, akaambiwa kwa mdomo apunguze matawi upande mmoja ili wapimaji wa ardhi wapite na vyombo vyao. Hakupewa karatasi. Alisema mikungu ile aliipanda mwenyewe mwaka alioajiriwa, na miezi ya kiangazi mabomba yalipokauka alikuwa akiibebea maji kwa ndoo kutoka kisima cha msikiti wa jirani, yeye Mkristo, na imamu hakumkataza hata siku moja. Na alisema, kila tawi alilolikata asubuhi ile alilichagua, akakata mahali patakapochipua tena. "Wangemleta mwingine angekata shina," alisema. "Ndiyo maana nilikubali mimi."

Nilipoaga ndipo Mama Kadzo aliponiambia, "Ule mstari wa mwisho."

"Naam, mama."

"Uufute."

Nikamwambia nitaufuta. Nimeufuta mpaka leo.

Nilipomweleza Wafula, alishika kichwa. Uchaguzi ulikuwa wiki ile. "Salma, ukisoma hilo jibu tumekwisha. Watu watasema Chama cha Kijani ni waongo." Nikamwambia, lakini tulikuwa waongo. Alikasirika, akaondoka, nami sikumlaumu, maana alikuwa amehangaika kwa ajili ya kura zile mpaka amekonda. Siku ile nilijihisi niko peke yangu kama yatima.

Alhamisi mchana nilipanda pale pale. Mzee Karisa alikuja kwa kuwa nilimwomba aje. Alisimama nyuma kabisa, shati limepigwa pasi. Nilisema kwamba juma lililopita nilimwimbia mtu asiyeweza kujibu, na leo nimeleta jibu lake, maneno ni yake, vina tu ndivyo vyangu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Msaliti!" Wengine wakazomea. Nilikuwa na hofu zaidi ya Bi Mwanaidi kuliko ya wao. Nikasoma:

*Mkono huu ni wangu, amri yatoka ndani*
*Mwaniteta peke yangu, mwenye kuamuru nani?*
*Miti nayo ni wanangu, nimeinywesha ndooni*
*Swali si la mlangoni, pandeni ngazi wenzangu*

Hawakushangilia. Kisha nikaeleza ya ndoo, na ya kisima, na ya matawi yaliyochaguliwa, na tangazo lile lilikuwa bado liko ubaoni nyuma ya mgongo wangu, kila mtu analiona. Mama mmoja wa jikoni, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wake, akasema kwa sauti, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!" Na hapo, mwanangu, aliyetangulia kuelekea ngazi za jengo la utawala alikuwa Wafula.

Walipanda wengi. Hapakuvunjwa kioo, hapakutupwa jiwe. Wafula aligonga mlango wa mkuu wa chuo na aliyetoka ni mkuu mwenyewe, miwani mkononi. Wafula akamwamkia kwanza, kisha akasema, "Tunaomba kuuliza swali moja tu. Aliyeamuru matawi yakatwe ni nani?"

Mkuu alitutazama. Alimtazama Mzee Karisa aliyekuwa chini uani. Angeweza kusema lolote, na ningali namheshimu kwa alilolisema. "Amri ilitoka ofisini kwangu," alisema. "Lile tangazo si haki. Nitalibandua."

Akalibandua kwa mkono wake, mchana ule ule. Mzee Karisa akabaki kazini mpaka alipostaafu. Kuhusu mikungu, sitakudanganya kwamba tuliokoa yote. Baada ya vikao vingi bweni lilisogezwa, na ilibidi itoke mitatu. Tuliomba Mzee Karisa ndiye achague, naye akachagua ile iliyokuwa imeliwa na wadudu moyoni. Alivua kofia kabla ya kila mmoja kuanguka. Minne ipo. Nenda kaitazame.

Wafula alishindwa uchaguzi. Aliniambia baadaye kwamba kushindwa kule kulimfaa, ingawa nadhani ilimchukua miaka kadhaa kuamini. Tumebaki kuwa ndugu. Watoto wake wananiita shangazi.

Nami sijui nishukuru wapi niache wapi. Namshukuru Bi Mwanaidi aliyenipenda kiasi cha kutonihurumia. Namshukuru Mama Kadzo kwa neno lake moja. Wafula namshukuru kwa hatua zile za kwanza kuelekea ngazi, ambazo hakulazimika kuzipiga. Lakini zaidi namshukuru mzee yule aliyenipokea katika nyumba yake, nami nilikuwa nimeshaivunja.

Miaka ilipita. Siku moja nimetoka kununua samaki, napita Ganjoni, nikasikia mtoto wa kike anaruka kamba huku akiimba. Alikuwa anaimba ule mstari wa mwisho wa lile jibu: swali si la mlangoni, pandeni ngazi wenzangu. Nikamuuliza, wimbo huo ni wa nani? Akasimama, akanishangaa kwa ujinga wangu.

"Ni wa Mzee Karisa," alisema. "Ndiye aliyeutunga."

Nikamwambia, ndiyo, ni wake. Nikachukua samaki wangu nikaenda zangu, na furaha niliyokuwa nayo sikuipata hata siku nilipopewa shahada.

Sasa wewe, mwanangu, unayebeba bango leo kwa ajili ya mikoko na fukwe zetu na hewa tunayovuta: endelea. Usimsikilize anayekwambia hayo si mambo ya watoto. Kisiwa hiki kidogo, na bahari haina subira, na sisi wazee tuliyanyamazia mengi ambayo nyinyi mnayalipia. Nawashukuru, nasema kwa moyo wangu wote, kwa kuwa hamkunyamaza.

Ila kabla hujamtaja mtu kwa jina, nenda kamuulize. Nenda kwa miguu yako, mchana, umsalimie, uketi ukikaribishwa. Simu yako ina nguvu kuliko shairi langu. Langu lilichukua siku mbili kufika Ganjoni, lako litafika dunia nzima kabla chai haijapoa. Ukimwona mwenye panga, mtafute mwenye amri. Ukimpiga mdogo ili mkubwa asikie, mkubwa atakushukuru, na hapo ujue umepotea. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, rudi pale pale ulipokosea ukaseme, mbele ya wale wale. Usirudi kwa mlango wa nyuma.

Mola, kwa jina lolote unalomwita nyumbani kwenu, akupe ulimi mkali na moyo laini. Akupe mtu wa kukukanya anayekupenda, na masikio ya kumsikia angali hai. Na mti utakaoupanda, wakae kivulini mwake hata wale uliowakosea, nao wakuombee dua. Amin.